Rodi Moja kwa Vyuma Vyote

Kwa zaidi ya miaka kumi mchanga wa Maumba na Nguluku, huku kwetu Msambweni, ulichimbwa na kuchekechwa, na madini yake yakapakiwa melini Likoni. Shehena ya kwanza ya Base Titanium iliondoka Februari 2014, na uchimbaji ukafungwa Desemba 2024. Wengi tulisikia kwamba madini yale hutengeneza rangi nyeupe. Wachache walijua kwamba mojawapo, liitwalo rutili, ndilo pia unga mkuu katika ganda la rodi ya kuchomelea, ile ya namba 6013 ambayo fundi wa Ukunda, Kinondo au Lunga Lunga huichomoa kwenye pakiti kila asubuhi.

Rodi hiyo ni nzuri. Huwaka bila shida, huacha mstari laini, ganda lake hubanduka kirahisi, na mashine ndogo inaitosha. Kwa geti, kwa dirisha, kwa fremu ya kitanda, sina neno nayo. Shida huanza inapoletwa ndoano ya trela ya miwa kutoka mashamba ya Ramisi, au jino la ekskaveta, au taya ya mashine ya kuvunja kokoto. Vyote ni chuma kwa macho. Fundi hupiga grenda, hubana waya wa ardhi, huchukua rodi ile ile na kuanza. Mwenye trela amesimama pembeni anatazama saa, maana miwa imekatwa na jua linaichoma. Kazi inaisha, pesa inalipwa, trela inatoka.

Nataka tuzungumze juu ya kinachoweza kutokea baada ya hapo. Nitaanza mbali, kwa tukio lililochunguzwa hadi mwisho na kuandikwa, kwa sababu ndani yake dalili za hatari zinaonekana moja moja. Waliokosea hawakuwa wazembe wala wajinga. Walikuwa mainjinia, watengenezaji wa chuma, mafundi wenye vyeti na wakaguzi wenye madaftari. Kama wao walipita mbele ya dalili zile wasizitambue, mimi na wewe tuna kila sababu ya kuwa na hadhari.

Daraja la King Street linavuka mto Yarra katika jiji la Melbourne, Australia. Lilifunguliwa Aprili 1961. Waliolibuni walitaka boriti nyembamba na nyepesi, kwa hiyo hawakuchagua chuma laini cha kawaida cha ujenzi. Walichagua chuma chenye nguvu zaidi, kilichofuata kanuni ya Kiingereza iitwayo BS 968 ya mwaka 1941. Nguvu yake ilitokana na kaboni na manganizi zilizoongezwa wakati wa kukiyeyusha. Chuma chenye nguvu hukuruhusu kutumia tani chache, na tani chache ni akiba ya pesa. Katika uamuzi huo hapakuwa na kosa. Madaraja mengi mazuri duniani yamejengwa kwa chuma cha namna hiyo.

Asubuhi ya tarehe 10 Julai 1962, miezi 15 tu baada ya ufunguzi, lori zito la karibu tani 45 lilipanda daraja hilo. Julai kwao ni katikati ya majira ya baridi, na usiku wa kuamkia siku ile ulikuwa wa baridi kali. Lori lilipofika kwenye sehemu moja ya upande wa kusini, boriti zilizoibeba sehemu hiyo zikapasuka na barabara ikadidimia kiasi cha futi moja. Kuta za zege zilizojengwa chini yake ndizo zilizoidaka isianguke yote. Hakufa mtu. Serikali ya jimbo la Victoria ikaunda tume ya uchunguzi, nayo ikatoa ripoti yake mwaka 1963.

Wachunguzi walipopanda kutazama, walikuta kwamba ajali ile haikuanza siku ile. Upande wa chini wa kila boriti, mahali panapovutwa zaidi, palikuwa pamechomelewa bamba la ziada ili kuiongezea nguvu. Kwenye ncha ya bamba hilo palipigwa lehemu fupi ya kukingama. Nyufa zilianzia hapo. Hazikuanzia ndani ya lehemu, bali kando yake, kwenye ule ukanda mwembamba wa chuma uliopata joto la kuchomelea kisha ukapoa upesi. Nyingi zilikuwapo kabla ya lori lile kufika, na baadhi zilizaliwa karakanani, kabla hata gari la kwanza halijapita juu ya daraja.

Ili tuelewe kwa nini, inabidi tuingie kidogo ndani ya chuma chenyewe.

Chuma kitupu ni laini. Ukikichanganya na kaboni kidogo, hata sehemu moja au mbili katika elfu, hupata nguvu, na hicho ndicho chuma laini cha mageti na nondo nyingi. Kaboni ikiongezeka, nguvu na ugumu huongezeka, lakini uwezo wa kunyumbuka hupungua. Tena kuna jambo ambalo wahunzi wetu walilijua tangu zamani: chuma chenye kaboni ya kutosha ukikipasha hadi kiwe chekundu, kisha ukakizamisha majini, hukakamaa. Panga hupata makali kwa njia hiyo. Mhunzi mwenye akili haliachi panga lake hivyo hivyo. Hulirudisha motoni kwa joto dogo ili lipunguze ukali wa ugumu wake, la sivyo litavunjika siku ya kwanza.

Sasa mtazame fundi anayechomelea. Ncha ya rodi ina moto unaoyeyusha chuma, zaidi ya nyuzi 1,500. Sentimita chache pembeni kuna kipande kizito kilicho baridi. Kipande hicho hunyonya joto kwa kasi, na ule ukanda wa kando ya lehemu hupoa kana kwamba umezamishwa. Fundi hakutumia maji, lakini amekwisha kukakamaza chuma bila kukusudia. Kama kaboni ni kidogo, hakuna madhara makubwa. Kama ni nyingi, amejenga ukanda mgumu usionyumbuka, palepale ambapo lehemu inayopoa inavuta kwa nguvu zake zote.

Manganizi ina tabia ya pekee. Ni rafiki wa kila anayesubu chuma. Humkamata salfa, ambaye akiachwa peke yake hujipanga kati ya chembe za chuma na kukifanya kipasuke kingali cha moto. Husaidia kuondoa oksijeni, huongeza nguvu bila kuhitaji kaboni nyingi. Lakini manganizi hiyo hiyo hurahisisha kukakamaa. Kromi na molibdeni hufanya hivyo kwa nguvu zaidi. Ndizo huingizwa kwenye vipande vizito ili ugumu ufike hadi ndani, si juu tu. Kwa hiyo anayesoma kiasi cha kaboni peke yake amesoma nusu ya habari.

Mafundi wa chuma walilijua hilo mapema. Mwaka 1940 Waingereza wawili, Dearden na O'Neill, walichapisha hesabu ya kuvibadilisha vichanganyio vyote kuwa kaboni moja ya kulinganishia. Hesabu inayotumika sana leo ni ya namna hiyo hiyo: chukua kaboni, ongeza manganizi uliyoigawa kwa 6, ongeza kromi, molibdeni na vanadi ulizozijumlisha na kuzigawa kwa 5, ongeza nikeli na shaba ulizozijumlisha na kuzigawa kwa 15. Chuma laini chenye kaboni asilimia 0.18 na manganizi 0.6 hutoa jibu la 0.28, na kwa kawaida hakuna la kuogopa. Chuma chenye kaboni 0.25 na manganizi 1.5 hutoa 0.50. Ukipita 0.45 hivi, tahadhari si hiari tena. Kipande cha kusubu chenye kaboni 0.40, manganizi 0.8, kromi 1 na molibdeni 0.2 kinafika 0.77, nacho kinataka kuheshimiwa.

Dalili ya kwanza pale Melbourne ilikuwa hiyo. Ilikuwa karatasini. Chuma kilikuwa kwenye ukingo wa mipaka ya kanuni, na baadhi ya mabamba yaliuvuka. Hesabu ya kuonya ilikuwa imechapishwa miaka 20 kabla. Lakini kanuni yenyewe ilisema chuma hicho kinachomeleka, na neno hilo likawatosha. Nawaelewa. Mtu ukishaambiwa na kitabu kwamba jambo linawezekana, ni vigumu kuuliza tena: linawezekana kwa masharti gani?

Dalili ya pili ilijitokeza karakanani. Nyufa zilionekana wakati boriti zikitengenezwa. Zilichimbwa, zikajazwa tena kwa lehemu, na kazi ikaendelea. Kila ufa ulihesabiwa kuwa hitilafu ya mahali pake. Hapa ndipo ninapoomba msomaji asimame kidogo. Ufa mmoja unaweza kuwa bahati mbaya. Ufa unaojirudia mahali pa namna moja, kwenye vipande mbalimbali, ni chuma kinachosema kwamba njia mnayoitumia haikifai. Kuuziba bila kubadili njia ni kuutengeneza upya, kwa sababu kila lehemu ya kurekebisha huleta joto jingine na upoaji mwingine.

Ya tatu ilihusu mpangilio wa kazi. Lehemu ndefu za ubavuni zilipigwa kwanza, na zile fupi za ncha zikaachwa hadi mwisho. Wakati huo bamba lilikuwa limeshikwa pande zote, halina pa kusogea. Lehemu inapopoa husinyaa. Isiporuhusiwa kusogeza kitu, huvuta, na ikivuta kwenye ukanda uliokakamaa, ukanda hupasuka.

Na ya nne inanihuzunisha kuliko zote, maana wakaguzi walikuwapo na walifanya kazi. Macho yao yalikuwa kwenye lehemu ndefu, ambako walizoea kukuta matatizo. Nyufa za kukingama, kwenye ncha, zikawapita. Hawakulala kazini. Walitazama walikozoea kutazama. Mtengenezaji wa chuma naye aliamini kwamba mchomeleaji anajua afanyalo, mchomeleaji akaamini kwamba chuma kimekwisha kupimwa, mwenye daraja akaamini kwamba wote wawili wamezungumza. Tume haikumtwisha mtu mmoja mzigo wote, na nadhani ilifanya haki.

Msomaji wa Diani ataniambia kwamba baridi ya Melbourne sisi hatunayo. Ni kweli, na ni neema. Chuma hupoteza uvumilivu kadiri kinavyopoa, na kipupwe chetu hakifiki huko. Lakini tuna kitu kingine ambacho wao walikuwa nacho kidogo: unyevunyevu. Hewa ya pwani ina maji mwaka mzima, na wakati wa masika hata chumvi mezani hushikana. Ganda la rodi hunyonya maji hayo. Ndani ya moto wa kuchomelea maji huvunjika, haidrojeni yake huingia kwenye chuma kilichoyeyuka, na chuma kikiganda haidrojeni hubaki humo ikitafuta pa kutokea. Hujikusanya kwenye ule ule ukanda uliokakamaa na kuupasua, na aghalabu haupasui papo hapo. Ufa huweza kuja baada ya saa kadhaa, au kesho yake, au keshokutwa, wakati fundi amekwisha kulipwa na trela iko barabarani. Na rodi za rutili, kwa jinsi zilivyoumbwa, hupeleka haidrojeni nyingi kuliko zile za namba 7018. Kwa chuma laini haina neno. Kwa chuma chenye kaboni na kromi, ni mwaliko wa ufa.

Kuna wanaodhani kwamba hatari iko kwenye kazi kubwa tu. Tarehe 27 Machi 1980, katika bahari ya Kaskazini, jukwaa la kulaza wafanyakazi wa mafuta liitwalo Alexander L. Kielland lilipoteza mguu mmoja kati ya mitano wakati wa dhoruba na kupinduka. Walikuwamo watu 212, walikufa 123. Uchunguzi wa Wanorwe ulifuata uvunjikaji hadi kwenye mhimili mmoja, na juu ya mhimili huo hadi kwenye kishikizo kidogo cha kifaa cha kusikilizia sauti chini ya maji. Kishikizo hicho kilichomelewa kwa lehemu nyembamba ya milimita 6, kwa sababu hakikuhesabiwa kuwa kitu kinachobeba uzito. Ndani ya ufa wake wachunguzi walikuta rangi. Yaani siku jukwaa lilipopakwa rangi kiwandani, ufa ulikuwa umekwisha kuwapo, na brashi ilipita juu yake.

Nikisoma habari ile huwaza juu ya vile vipande vidogo tunavyoongeza kwenye magari yetu: kikulabu cha turubali, kishikio cha taa, sikio la mnyororo, tunavyovipachika popote penye nafasi, hata juu ya ekseli au mkono wa usukani. Lehemu ndogo juu ya kipande kizito hupoa upesi kuliko lehemu kubwa. Udogo wake ndio unaoifanya ikakamaze zaidi. Kisha tunapaka rangi.

Vipande vya kusubu vinaongeza tabu nyingine. Chuma cha kusubu humiminwa kwenye kalibu kikiwa maji na huganda kuanzia nje kwenda ndani. Kinachoganda mwisho, katikati ya sehemu nene, hubeba kaboni, salfa na fosforasi nyingi kuliko ganda la nje, kwa hiyo kipande kimoja kinaweza kuwa na tabia mbili. Silikoni na alumini huwekwa ili kuondoa gesi isije ikaacha mashimo. Anayeyeyusha skrepu, popote duniani, hupokea pia shaba ya nyaya na bati la makopo, na hivyo viwili havitoki tena vikishaingia. Hubaki na kudhoofisha chuma kinapokuwa cha moto. Kwa sababu hizo zote, kutazama kipande cha kusubu na kusema "hiki ni chuma tu" ni kukisia.

Dalili zenyewe hazijifichi. Ndoano ikivunjika, tazama ilipovunjikia. Ikiwa imekatika ndani ya lehemu, pengine lehemu ilikuwa mbaya. Ikiwa imekatika kando ya lehemu, milimita chache tu, sawa kama imekatwa, isinyumbuke hata kidogo, basi ni ule ukanda uliokakamaa. Mara nyingi tukiona hivyo husema chuma kimezeeka, na tunapiga lehemu nene zaidi. Mimi ningesimama pale bila kujua haya, ningesema vivyo hivyo, maana ndilo jibu linalokuja haraka. Sikiliza pia kipande kikipoa: mlio mkavu, tik, unaotoka baada ya moto kuzimwa, mara nyingi ni ufa. Pitisha tupa kwenye ukingo wa lehemu. Ikiteleza bila kuuma, pale pamekakamaa. Na kabla ya yote, gusisha kipande kwenye jiwe la grenda na utazame cheche. Chuma laini hutoa mistari mirefu yenye vipasuko vichache. Chenye kaboni nyingi hutoa cheche zinazochanua na kupasuka kwa wingi karibu na jiwe. Si kipimo cha maabara, lakini kinatosha kukuambia usimame uulize.

Kuna chuma kimoja ambacho kinageuza mafunzo haya yote juu chini, nacho kiko kwenye taya za mashine za kokoto. Mwaka 1882, mjini Sheffield, kijana Robert Hadfield alikuwa akijaribu kuongeza manganizi. Kila mtu alijua kwamba chuma chenye asilimia 4 hadi 6 ya manganizi huvunjika hovyo, na wengi walikomea hapo. Yeye akaendelea hadi 12 na zaidi, pamoja na kaboni ya zaidi ya 1, akakipasha hadi rangi ya machungwa, akakizamisha majini. Badala ya kukakamaa, kikawa kivumilivu ajabu: kikigongwa, uso wake huwa mgumu na ndani hubaki kinyumbufu. Ndiyo maana kinakaa kwenye taya inayopigwa na mawe siku nzima.

Hatari ni kwamba chuma hiki hakitaki joto. Kikipashwa kupita nyuzi 300 hivi na kukaa hapo, kaboni hutoka mahali pake na kujipanga kati ya chembe, na uvumilivu wote hupotea. Kwa hiyo fundi aliyejifunza kwamba kipande kigumu hupashwa kwanza, akiipasha taya ya manganizi, ameiharibu kwa nia njema. Ile hesabu ya kaboni ya kulinganishia nayo haikihusu. Vipande viwili vimelala chini ya mwembe mmoja, vyote vya kusubu, vyote vyeusi: kimoja kinataka kupashwa, kingine kinataka kupozwa. Sumaku ya spika ya zamani hukuonyesha tofauti. Chuma cha manganizi hakinasi sumaku, au hunasa kwa udhaifu sana kwenye uso uliogongwa. Chuma cha kromi na molibdeni hunasa barabara.

Basi, ndugu fundi, na wewe mwenye trela, tufanyeje kesho asubuhi?

Kwanza kuna vitu visivyochomelewa kabisa. Ndoano ya kuinulia mizigo, sehemu za usukani, sehemu za breki: hivi hubadilishwa. Najua bei ya spea, na najua barabara ya kwenda Mombasa na foleni ya feri. Hata hivyo ndoano iliyokatika juu ya kichwa cha mtu haina fidia.

Kwa kipande kinachoweza kuchomelewa, soma kwanza maandishi yaliyoinuka juu yake. Aghalabu ni namba ya aina ya chuma, na muuzaji wa spea au mtengenezaji anaweza kukueleza. Jaribu sumaku, tazama cheche. Kikinasa sumaku na cheche zikichanua, weka 6013 pembeni. Chukua 7018, na kama pakiti ilifunguliwa zamani, zikaushe rodi kwenye oveni kwa joto na muda ulioandikwa na mtengenezaji, kwa kawaida karibu nyuzi 350 kwa saa moja au mbili. Jua la Ukunda haliwezi kazi hiyo. Chimba ufa hadi uishe wote, pasha kipande chote polepole hadi nyuzi 150 au 200, zaidi kikiwa kinene sana, na usiache kipoe katikati ya kazi. Ukimaliza, kifukie kwenye majivu makavu au mchanga mkavu kipoe taratibu, haidrojeni ipate njia ya kutoka. Kama hakikunasa sumaku na ni taya ya mashine ya kokoto, fanya kinyume: rodi ya manganizi au ya stenlesi, mistari mifupi, pumzika kila baada ya mstari hadi uweze kuweka kiganja karibu na ulipochomelea.

Mwenye trela, wewe una sehemu yako, tena kubwa. Fundi anayekuomba siku mbili hakutegi. Mpe. Trela ikae bila mzigo usiku mbili, kisha ndoano yake isafishwe kwa brashi ya waya na kutazamwa mchana, kando ya lehemu, pande zote mbili na kwenye ncha zake, ikiwezekana kwa ile dawa nyekundu ya kupimia nyufa. Rangi isipakwe kabla ya hapo.